Glezi ya boroni kwa moto mdogo: namna ninavyoichanganya hapa Dodoma

Asubuhi za Julai hapa Dodoma zina baridi ya kukumbatia kikombe cha chai kwa mikono miwili. Asubuhi moja ya namna hiyo nilifunua ndoo ya glezi, ule uji wa kupaka vyungu ambao moto huugeuza ngozi ya kioo, niliyoichanganya jana yake, nikazamisha mkono ili nikoroge, vidole vikagonga kitu kigumu. Nikadhani mchanga. Nilipochota nikaona vipande vyeupe vyenye pembe kali, vinang'aa kama chumvi ya mawe, vingine vimeng'ang'ania ukuta wa ndoo mpaka nikavibandua kwa kisu. Friti, yaani kioo cha glezi kilichosagwa unga, haina tabia hiyo. Nilichouziwa kwa jina la friti kilikuwa boraksi tupu, ile ile ambayo masonara na wachimbaji wadogo huitumia kuyeyushia dhahabu. Boraksi humumunyika majini, na maji yakipoa usiku hushindwa kuibeba yote, kwa hiyo inayozidi hurudi kuwa fuwele chini ya ndoo.

Hasara ile ndiyo iliyonifanya nijifunze kazi hii sawasawa. Ninamwandikia mfinyanzi mwenye tanuri dogo la umeme, au anayeazima la mwenzake, anayetaka vyombo vyenye ngozi ya kioo bila kupanda hadi nyuzi 1,200 na zaidi. Kanuni zenyewe ni fupi, unaweza kuziandika kiganjani. Kinachotusumbua huku kwetu ni maji ya kisima na udongo wenye chokaa, na waliotunga kanuni hawakuyafikiria hayo mawili.

Boroni inafanya nini hasa

Glezi ni kioo. Mifupa ya kioo ni silika, yaani unga wa kwatzi, na silika ikiwa peke yake haiyeyuki mpaka nyuzi 1,700 na ushee. Lazima iwepo dawa ya kuilainisha. Kwa karne nyingi wafinyanzi wa moto mdogo walitumia madini ya risasi, yanayoyeyusha vizuri ajabu na kumtia sumu anayepaka na anayekula. Boroni, ile iliyomo ndani ya boraksi, ndiyo iliyochukua nafasi yake. Oksidi yake hulainika kwenye nyuzi 450 hivi, na faida yake nyingine ni kwamba yenyewe pia ni kioo: inayeyusha huku inajenga. Soda (oksidi ya sodiamu) nayo huyeyusha, lakini glezi yenye soda nyingi hutanuka sana motoni na kusinyaa sana inapopoa, ndiyo maana hujaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Boroni huupunguza mtanuko huo.

Kasoro yake ni hiyo niliyoikuta kwenye ndoo. Mbali na kuganda fuwele, boraksi iliyomumunyika hufyonzwa pamoja na maji, ikaingia ndani ya chungu badala ya kubaki juu. Ukichoma, sehemu moja inachemka mapovu na nyingine inabaki kavu. Dawa ni kuifunga kwanza. Kiwandani boraksi, chokaa na silika huyeyushwa pamoja, uji wake wa moto humwagwa kwenye maji baridi, hupasuka vipande vipande, kisha husagwa kuwa unga. Unga huo ndio friti. Boroni imeshakuwa sehemu ya kioo na haiponyoki tena kirahisi.

Hatua ya 1: hakikisha ulichonunua ni friti

Weka kijiko kimoja cha unga kwenye glasi ya maji ya moto ya kunywa, koroga, subiri dakika kumi utuame. Chota maji ya juu tu, mimina kwenye sahani ya rangi nyeusi, anika juani. Friti ya kweli itaacha ukungu hafifu. Boraksi itaacha gamba jeupe la kukwangua kwa ukucha. Jaribio hili halikugharimu kitu, na kama ningelijua mapema nisingepoteza ndoo nzima.

Friti zinazotajwa zaidi kwenye kanuni ni tatu zenye jina la Ferro, iliyokuwa kampuni ya Marekani hadi 2022 ilipoingia ndani ya Vibrantz. Namba 3134 ina oksidi ya boroni kama asilimia 23 na chokaa kama 20, lakini haina alumina (oksidi ya aluminiamu) kabisa. Namba 3124 ina boroni kama 14 na alumina kama 10. Namba 3195 ina boroni nyingi kama ya kwanza, karibu 23, pamoja na alumina kama 12. Kila kampuni ina namba zake, kwa hiyo usinunue namba. Mwombe muuzaji karatasi ya kemia, uangalie mistari miwili: boroni na alumina. Akikwambia "hii ni ile ile tu" bila karatasi, rudisha pochi mfukoni.

Kwa anayeanza, ningemshauri 3195. Alumina iliyomo ndani inaifanya glezi isitiririke, isifanye ukungu, na inakusamehe ukikosea kidogo.

Na kama huipati? Unaweza kujipikia 3134, maana kimsingi ni boraksi, chokaa na silika basi. Gramu 63 za boraksi ya kawaida (yenye maji yake), gramu 36 za kalsiamu kaboneti safi na gramu 46 za unga wa silika, jumla 145, zikishatoa maji na gesi motoni hubaki kama gramu 100 za kioo chenye kemia ya 3134. Hesabu hii ilinifurahisha sana siku nilipoifanya kwenye karatasi. Kuitenda ni habari nyingine. Boraksi ikipata moto hufura kama maandazi na kumwagika nje ya chungu cha kuyeyushia, kwa hiyo unaongeza kidogo kidogo. Kumwaga kioo cha nyuzi 1,100 kwenye maji kunataka viatu vya ngozi, miwani, koleo refu na mtu wa pili aliye makini, nje ya nyumba. Kisha uanze kusaga, na ukisagia kinu cha chuma, kutu yake itaigeuza glezi yako kuwa ya manjano. Nilipika nusu kilo mara moja. Nikajifunza mengi, nikaanza kununua.

Hatua ya 2: ujue udongo wako

Udongo wa Dodoma una chokaa. Chimba popote, utakutana na vile vijiwe vyeupe vinavyopondeka. Twanga donge kavu la udongo wako, lidondoshee matone ya ndimu au siki. Likitoa povu, chokaa imo. Ikiwa imetawanyika kama vumbi, haina neno sana. Balaa ni punje. Motoni punje hugeuka chokaa hai, na chokaa hai hunywa unyevu wa hewani, ikavimba, ikasukuma. Nilikuwa na bakuli la kachumbari lililotoka tanurini safi kabisa. Wiki ya tatu nikasikia "tik" kabatini. Kigae cha ukubwa wa ukucha kilikuwa kimeruka ubavuni, na katikati ya shimo, nukta nyeupe isiyozidi punje ya ulezi. Hakuna glezi inayoweza kuzuia hilo.

Kwa hiyo loweka udongo uwe uji mwembamba, upitishe kwenye chekecheo la matundu 60 kwa inchi au zaidi, kisha uukaushe kwenye kitambaa mpaka uweze kufinyangika. Ni kazi ya kuchosha. Hakuna njia ya mkato.

Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa za kuingia mguu wakati wa kiangazi, usiutumie peke yake. Unasinyaa kupita kiasi. Changanya na udongo mwekundu na unga wa vigae vilivyokwisha kuchomwa.

Uchomaji wa kwanza, kabla ya glezi, uupeleke hadi koni 04, yaani nyuzi 1,060 hivi, juu kuliko utakavyochoma glezi. (Koni ni kijiti cha kupimia moto kinachoinama kikifika kiwango chake; kwa zenye sifuri mbele, namba ikipungua moto unaongezeka.) Wengi hufanya kinyume. Sababu ni gesi: udongo hutoa gesi za mizizi iliyooza na za chokaa hasa kati ya nyuzi 700 na 900, na friti ya boroni nayo huanza kulainika chini ya 900. Gesi ikichelewa kutoka, hukuta mlango umefungwa na kioo, ndipo unapopata mapovu na vitundu vya sindano. Imalize gesi hiyo mapema, na katikati ya nyuzi hizo usikimbize moto. Kwanza lakini jaribu kipande kimoja kwenye sahani ya vigae, maana kuna udongo unaovimba au kupinda ukifika huko. Vyungu vilivyochomwa kwa kuni na samadi uwanjani mara nyingi havivuki nyuzi 900; navyo virudishe tanurini kwanza.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima aliyefinyanga vyungu vya maji toka usichana wake, alinikuta nikichuja uji wa udongo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unapika togwa?"

"Natoa chokaa, mama."

Akachukua donge, akalitia mdomoni, akatafuna kwa meno ya mbele, akatema. "Huu una vijiwe bado. Rudia."

Meno yake yalikuwa sahihi kuliko chekecheo langu, lililokuwa limetoboka pembeni.

Hatua ya 3: maji

Tazama ndani ya birika lako la chai. Ule ukoko mweupe ni kalsiamu na magnesiamu za maji ya kisima. Kwenye glezi, madini hayo huzifanya punje zishikane, na uji unakuwa mzito kama ute wa bamia ingawa maji yamo ya kutosha. Wewe unadhani ni mzito, unaongeza maji, bado mzito, unaongeza. Ukipaka, glezi inakauka ikiwa na nyufa kama tope la bwawa la Hombolo wakati wa kiangazi, na motoni inajikunja na kuacha mabaka ya udongo mtupu.

Fanya jaribio la vikombe viwili. Pima gramu 100 za mchanganyiko kwenye kila kikombe, kimoja tia mililita 85 za maji ya kisima, kingine 85 za maji ya mvua. Koroga, acha usiku kucha, koroga tena, chovya kigae kimoja kila upande. Tofauti utaiona kwa macho. Mimi sasa hukinga mvua kwenye pipa kuanzia Desemba na kulitunza kwa kazi hii pekee. Mvua zenyewe ni chache, lakini glezi hainywi maji mengi. Kuchemsha maji ya kisima hakutoshi, maana sehemu ya madini yake haitoki kwa kuchemsha. Na maji yenye ladha ya chumvi usiyatie hata kwenye udongo: chumvi hupanda juu chungu kikikauka, ikakaa kama vumbi jeupe chini ya glezi.

Ajabu ni kwamba dawa ya glezi inayotuama na kuganda chini ni hao hao magnesiamu, kwa kipimo. Friti, hasa 3134, ni nzito na hupenda kujibandika chini ya ndoo kama saruji. Chumvi ya magnesiamu salfeti iliyomumunyishwa, nusu kijiko cha chai kwa kilo ya unga, huizuia. Tofauti ni kwamba hapo unatia wewe, kwa hesabu.

Hatua ya 4: kupima na kuchanganya

Kanuni ya kwanza, kwa koni 05: friti 3195 sehemu 85, kaolini (udongo mweupe safi) sehemu 15. Basi. Kwa 3124 ni vivyo hivyo, 85 kwa 15. Kaolini inashikilia friti isituame na kuongeza alumina kidogo.

Ukiwa na 3134 tu, changanya friti 60, kaolini 28 na silika 12. Nimepiga hesabu ya kemia yake na inakaribia sana 3124 iliyo peke yake. Nayo ipandishe hadi koni 04, na uchomaji wako wa kwanza uupandishe kidogo pia ikiwa udongo unavumilia. Tatizo la mchanganyiko huo ni kaolini kuwa nyingi: mbichi husinyaa ikikauka, glezi ikaachia chungu. Choma nusu yake kwanza ndani ya bakuli la udongo hadi nyuzi 1,000, na kwa kuwa ikichomwa hupoteza maji, mahali pa gramu 14 za mbichi weka 12 za iliyochomwa.

Kaolini yetu inatoka vilima vya Pugu, kule Kisarawe. Ukiipata ghafi ina mchanga mwingi, kwa hiyo ioshe: koroga kwenye maji mengi, subiri dakika moja mchanga ushuke, mimina maji meupe kwenye ndoo nyingine, yaache yatuame siku mbili.

Kwa kilo moja: friti gramu 850, kaolini gramu 150, maji mililita 800. Weka maji kwanza, unga juu yake, uache uzame wenyewe bila kukoroga. Hivyo vumbi haliruki. Vaa barakoa ya vumbi hata kama ni gramu mia. Vumbi la silika likiingia kwenye mapafu halitoki, waulize waliofanya kazi migodini. Usiku mmoja ukipita, pitisha kwenye chekecheo la matundu 80 mara mbili.

Sasa pima uzito wa uji. Chukua chupa tupu ya maji ya kunywa ya nusu lita, ipime mizani, weka alama pale nusu lita inapofika. Jaza glezi hadi alama. Ukitoa uzito wa chupa, upate kati ya gramu 720 na 740. Ikiwa 750 na zaidi, ongeza maji. Ikiwa chini ya 700, iache ituame, uchote maji ya juu. Usiamini jicho. Jicho litakwambia "kama uji wa lishe", na uji wa lishe wa mama yako si wa mama yangu.

Hatua ya 5: kupaka

Vumbi la hapa mnalijua, hasa upepo wa Agosti. Chombo kilichokaa rafuni siku mbili kimeshapata blanketi. Kifute kwa sponji lenye unyevu, kisha kiache kikauke saa kadhaa. Usikishike kwa mikono uliyotoka kujipaka mafuta. Mahali palipo alama ya kidole chenye mafuta ndipo glezi itakapojikunja.

Paka nta ya mshumaa iliyoyeyushwa kwenye kitako, chovya chombo kwa sekunde mbili, toa, tikisa, geuza. Unene unaotakiwa ni kama nusu milimita, chini kidogo ya kadi ya benki. Chokoa mahali pasipoonekana kwa pini uone. Ukipaka kwa brashi ni tabaka tatu, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata.

Kuhusu unene kuna jambo moja la boroni lenyewe. Glezi yenye boroni na chokaa nyingi, ikikosa alumina na ikipakwa nene juu ya udongo mwekundu, hufanya ukungu wa bluu-maziwa unaokaa kwenye mikunjo na mifereji. Ni kioo kinachojitenga ndani ya kioo kinapopoa. Mimi naupenda kwenye vyungu vya maua. Asiyeupenda atumie 3195, apake nyembamba, na asipooze tanuri polepole mno.

Hatua ya 6: kuchoma

Panguza kitako mpaka udongo uonekane, vyombo viachane upana wa kidole, na shelfu ipakwe alumina na kaolini nusu kwa nusu. Weka koni tatu mbele ya tundu la kuchungulia: 06, 05 na 04. Pairomita inakwambia joto la hewa pale ilipo. Koni inakwambia glezi imepokea nini kwa saa zote ilizokaa humo. Siku vikibishana, isikilize koni.

Mwendo wangu ni huu. Nyuzi 100 kwa saa hadi 200, kifuniko kikiwa wazi kidogo mvuke utoke. Nyuzi 150 kwa saa hadi 900. Kutoka hapo 80 kwa saa hadi koni 05 iiname, nyuzi 1,040 hivi, na kushikilia dakika 15. Kisha, na hili ndilo lililoniondolea vitundu vya sindano, nashusha hadi 980 na kushikilia tena nusu saa. Kwenye joto hilo glezi imekuwa nzito kiasi cha kutotoa mapovu mapya, lakini bado laini kiasi cha kuziba matundu yaliyopo. Baada ya hapo nazima na kufunga kila tundu. Sifungui mpaka nyuzi 100, hata mteja akipiga simu mara kumi.

Soma uniti za LUKU kabla na baada, andika daftarini. Bila hiyo hutajua bei ya bakuli lako. Umeme ukikatika njiani, usifungue. Kama ulikuwa bado hujafika kilele, ukirudi unapandisha tena na mara nyingi kazi inapona. Ukikatika wakati wa kushikilia, acha ipoe, tazama, na kama uso umekwaruza, choma upya.

Ikitoka vibaya

Nyufa za buibui ndizo zinazoumiza zaidi, kwa sababu nyingine huja baada ya wiki. Usisubiri: chukua bakuli moja, limwagie maji yanayochemka, lihamishie kwenye maji ya barafu, rudia mara tatu, kisha lipake wino au chai nzito. Nyufa zikionekana, glezi inasinyaa kuliko udongo. Ongeza silika asilimia tano kwa kila jaribio, au hamia friti yenye boroni zaidi na soda kidogo. Ukiongeza silika, angalia isianze kukwaruza. Hapo umefika mpaka wake.

Glezi iliyojikunja: vumbi, mafuta, unene, au maji ya kisima. Kwa mpangilio huo. Iliyotiririka hadi shelfu: umepaka nene au umepitiliza moto. Kavu kama karatasi ya msasa: nyembamba, au moto haukufika.

Rangi, na kile kitakacholiwa

Juu ya udongo mwekundu glezi tupu huonyesha udongo wenyewe, wekundu uliokolea kama udongo ulionyeshewa, na kwangu hiyo inatosha. Oksidi nyekundu ya chuma asilimia 4 huleta rangi ya asali. Zirkoni 10 huifanya nyeupe isiyopitisha, ukitaka kuchora juu yake. Kobalti kaboneti nusu asilimia ni bluu nzito tayari. Shaba kaboneti 2 au 3 huleta kijani, lakini ndani ya chombo cha chakula siitumii. Glezi za moto mdogo zenye shaba huiachia kwa urahisi kwenye vitu vichachu.

Kuna watu bado wanasaga mabaki ya betri za gari ili kupata risasi ya kung'arishia. Risasi hiyo huingia kwenye mboga za watoto, na anayesaga huivuta kabla yao. Boroni ipo, hakuna sababu.

Kwa chombo cha chakula, jaza siki nyeupe ya dukani hadi nusu, funika, acha saa 24. Mwaga, osha, kikaushe, kitazame kwenye mwanga wa jua kwa kukiinamisha. Ukiona mstari pale siki ilipofika, uso umefifia au rangi imebadilika, chombo hicho ni cha pambo. Jaribio la nyumbani linakamata glezi mbaya tu. Anayeuza vyombo vya kulia kwa wingi apeleke sampuli maabara, wapime kilichotoka kwenye asidi.

Maji ya kuoshea

Nimebakiza ile ndoo ya Julai. Kwa hasira niliimwaga nyuma ya ua, bila kutazama kuwa upande wa pili wa seng'enge kuna mzabibu wa mzee jirani, na mteremko unaelekea kwake. Baada ya wiki mbili kama hivi akaniita.

"Kijana, hebu njoo. Umemwaga nini hapa?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeuliza umemwaga nini."

Majani ya chini yalikuwa yameungua kingo zote, kahawia, makavu, katikati bado kijani, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Mmea wowote unahitaji boroni kidogo sana, lakini ikizidi ni sumu, na mzabibu ni miongoni mwa isiyoivumilia. Dawa ni kuisukuma chini ya mizizi kwa maji mengi. Nilinunua maji ya mkokoteni, madumu ishirini kwa siku mbili, mzee akiwa amekaa kwenye kigoda ananihesabia. Majani yaliyoungua hayakupona, ila machipukizi ya baadaye yalitoka safi.

Siku hizi maji ya kuoshea vyombo vya glezi nayaacha kwenye beseni pana juani. Jua letu huyakausha kwa siku chache, linabaki gamba. Gamba hilo nalikwangua, nalichekecha, nalitia kwenye ndoo iliyoandikwa "mabaki", na kila ndoo ikijaa naipima kwenye kigae kwanza. Safari iliyopita ilitoka kijivu-kijani ambayo sijaweza kuirudia.